Kabla Utafute Njia za Baiskeli Kisiwani, Kuna Kisiwa Nyuma ya Nyumba Yenu

Kila ikikaribia Disemba inboksi yangu hujaa swali moja tu. "Bro, tunashuka Lamu, ni wapi huko naweza kuendesha baiskeli ya mlima?" Mwingine ni Zanzibar. Mwingine ni Diani, ingawa Diani si kisiwa, lakini sawa, tumemwelewa. Kuna mmoja alinitumia hadi vidio ya Reunion, ati anaweka akiba.

Nitawajibu wote hapa mara moja. Kisiwani kuna njia za baiskeli, na chini huko nitakwambia pa kuanzia. Lakini kwanza nina ubishi na nyinyi, hasa nyinyi wa Meru na Embu mnaonifuata. Swali lenyewe mnaliuliza vibaya. Mnaniandikia "nataka kugundua njia mpya." Wasee, njia haigunduliwi. Njia unaonyeshwa. Na kama hujawahi kuonyeshwa hata moja ya kwenu, ya kisiwani utaikanyaga na usiione.

Tuanze na jiografia ya darasa la sita. Baiskeli ya mlima inataka kitu kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni mteremko. Lamu ni mchanga, punda na vichochoro vya mji. Ni kuzuri sana, UNESCO waliuweka mji huo kwenye orodha yao ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini hakuna mahali pa kushuka. Unguja yote, kutoka Nungwi hadi Makunduchi, hakuna ardhi inayofika mita 150 juu ya bahari. Pemba ina vilima vingi zaidi, lakini ni vilima vya kupanda dakika tano.

Sasa simama mjini Embu asubuhi kama hakuna ukungu, uangalie kaskazini. Batian iko mita 5,199. Wewe mwenyewe, hapo hotelini ukinywa chai, uko zaidi ya mita 1,300. Ukianzia ukingoni mwa msitu kule juu kwenye majani chai, ukateremka kupitia kahawa, kisha mahindi, kisha muguka na ndengu za Mbeere, hadi karibu na mabwawa ya Tana, umeshuka zaidi ya mita 1,000 na hujatoka kaunti moja. Umevuka mimea yote uliyochora kwenye daftari la jiografia. Hewa imebadilika, lafudhi ya watu imebadilika, udongo umebadilika rangi chini ya tairi. Nionyeshe kisiwa cha likizo chenye kitu kama hicho.

Reunion, sawa, nakubali. Reunion ni kisiwa chenye mlima wa kweli. Kilele chake, Piton des Neiges, kinapita mita 3,000, na watu wamewahi kufanya mashindano ya kushuka na baiskeli kutoka Maïdo hadi karibu na bahari. Lakini angalia nauli ya ndege kisha angalia M-Pesa yako. Halafu rudi tuongee.

Na kuna kitu wengi hamjui. Wanasayansi wa mimea wakiongea kuhusu milima kama wetu huiita visiwa vya angani. Kule juu, juu ya msitu na mianzi, kuna lobelia na senesio kubwa ambazo haziwezi kuishi huku chini kwenye joto. Ziko peke yao juu kule. Kati yao na ndugu zao wa Kilimanjaro au Elgon kuna nyanda za joto zinazofanya kazi ile ile ya bahari. Kwa hivyo Kirimaara kwa Wameru, Kirinyaga kwa Waembu, ni kisiwa. Nyambene ni kisiwa kidogo kando yake. Kiang'ombe kule Mbeere kinasimama peke yake kama jahazi lililotia nanga. Wewe umezaliwa kwenye funguvisiwa, unaniuliza kisiwa kiko wapi.

Kinachonichekesha zaidi ni hiki. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba jamii ilitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambapo iliishi chini ya watu wakali walioitwa Nguo Ntuune, nguo nyekundu. Koomenjwe akawaongoza wakatoroka, wakavuka maji, wakatembea vizazi hadi wakafika huku mlimani. Watafiti kadhaa wameihusisha Mbwaa na Manda, kile kisiwa mkabala na Lamu ambako ndege za kwenda Lamu hutua. Yaani babu zetu walitoroka kisiwani wakaja mlimani, na sisi tunachukua Fuliza turudi kisiwani kutafuta mlima.

Sisemi msiende pwani. Pwani ni tamu. Nasema kuna kitu mnakipita.

Sasa turudi kwa hili neno "kugundua", kwa sababu ndilo linaloniuma.

Shuleni tulifundishwa kwamba Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Disemba 1849. Alikuwa Ukambani, Kitui, kwa chifu Kivoi. Soma hiyo sentensi tena. Alikuwa kwa mtu, ugenini, na mwenyeji huyo alikuwa akiujua mlima vizuri kabla mgeni hajafika. Huku upande wetu watu walikuwa wanalima na kulisha mifugo kwenye miteremko yake. Krapf hakugundua kitu. Alionyeshwa. Tena aliporipoti, wasomi wa Ulaya walikataa kuamini kwamba kunaweza kuwa na theluji kwenye ikweta. Sasa miaka zaidi ya 170 baadaye, kijana wa Embu anapita nyuma ya shamba la watu na droni, anaposti "nimegundua njia ya siri." Siri ya nani, bro? Shosho fulani amepita hapo na mzigo wa kuni tangu kabla mama yako azaliwe.

Wengine wataniambia, "Mimi siulizi mtu, Strava itanionyesha." Hebu tuelewane jinsi ile ramani ya Strava inavyofanya kazi. Inakuonyesha mahali ambapo watu wenye simu nzuri, bando na baiskeli wamepita wakiwa wamewasha programu. Basi. Fungua Karen na Ngong uone inavyowaka. Halafu sogeza ramani hadi Ishiara au Siakago. Kuna giza. Lakini giza hilo halimaanishi hakuna njia. Huko kumejaa vijia kuliko Karen, ila waliovikanyaga hawana Strava. Wana jembe, mtungi na mbuzi. Ukiamini ramani utafikiri kwenu ni jangwa, na utasafiri kilomita mia sita kutafuta kitu kilicho nyuma ya choo cha shule yenu ya msingi.

Na hizi njia zina wenyewe, hata kama hazina hati miliki. Kile kijia unachokiona kikikata katikati ya majani chai kilichimbwa na miguu ya wachuma chai wakienda kupima majani kituoni. Kile cha kando ya mto ni cha watoto wa kuchota maji na ng'ombe wa kunywa. Kile kinachoshuka moja kwa moja bila kona ni cha mtu aliyechelewa soko. Hata vile vya msituni vingine si vya binadamu. Ndovu walivitengeneza. Ndovu hao wana haki ya njia kuliko wewe, na kuna ushahidi. Kati ya Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare walikuwa na njia yao tangu jadi, halafu mashamba na barabara ya Nanyuki kwenda Meru vikaikata. Ikabidi wajengewe ushoroba na pango la kupita chini ya lami, lililofunguliwa mwaka 2011, na haikuchukua muda ndume mmoja aliyeitwa Tony akapita. Sisi binadamu tulihangaika kurudishia mnyama njia yake. Je, shosho wa kuni ukimharibia yake, nani atamjengea pango?

Kuna kijia fulani upande wa Runyenjes, sitataja mahali. Kilikuwa kinafuata mgongo wa kilima, kinapita kwenye kahawa, kinateremka hadi mtoni kwa kona saba safi. Krismasi moja kundi la waendeshaji kutoka mjini walikuja na kamera kifuani. Walipita hapo kama mara sita, mchana kutwa, wakikata breki kwenye udongo uliolowa. Hakuna aliyesalimiwa. Mama mmoja mwenye debe la maji ilibidi aruke kwenye mtaro. Wiki iliyofuata mwenye shamba alifunga kwa matawi ya miiba, na sasa kuna waya. Waliofungiwa si wale wa kamera. Wao walishaposti wakaenda. Waliofungiwa ni watoto wa hapo, ambao sasa wanazunguka barabarani kwenda shule, na vijana watatu wa kijiji hicho waliokuwa wanafanyia mazoezi hapo na baiskeli za mitumba.

Na barabarani ndiko tusikokutaka. Mnaijua ile barabara ya Embu hadi Meru kupitia Chuka. Ina kona, ina miteremko, ina matatu yanayokimbizana na malori ya mchanga. Daraja la Nithi tumelilia mara ngapi? Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Mimi siwezi kumwambia kijana wa miaka kumi na tano afanyie mazoezi hapo. Kwa hivyo ninaposema vijia vya mashambani visifungwe, siongelei raha ya watu wachache wenye helmeti. Naongelea mahali pekee ambapo mtoto anaweza kuendesha baiskeli bila lori kumpumulia mgongoni.

Haya, basi njia unaonyeshwaje?

Kwanza, shuka kwa baiskeli. Hapo tu umeshashinda nusu. Mtu aliye juu ya baiskeli, na miwani, na kitu masikioni, anaonekana ni mtu anayepita. Aliyeshuka anaonekana ni mgeni, na mgeni huku kwetu ana nafasi yake. Salimia vizuri. Ukiwa Imenti au Tigania sema "Muga" hata kama Kimeru chako kinaishia hapo. Watacheka, lakini watakusikiliza. Mzee ni mzee, shosho ni shosho. Usimwite mtu wa miaka sabini "buda".

Pili, usiulize "njia ya baiskeli iko wapi?" Utaonyeshwa lami. Kila mtu akisikia baiskeli anafikiri unataka mahali laini. Uliza, "Nyinyi mkienda mtoni mnapitia wapi? Mkienda kwa mguu sokoni mnakatia wapi? Mvua ikinyesha mnapita wapi ndio msiteleze?" Hilo swali la mvua ni dhahabu. Udongo wetu mwekundu ukilowa unashika tairi kama ugali, hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Watu wa mahali wanajua ni mgongo gani una mawe na ni upi ni matope matupu.

Tatu, tafuta mwenye Black Mamba. Yule msee wa kubeba maziwa au makaa kwenye keria, baiskeli haina gia, breki ni za vyuma. Huyo ndiye profesa. Anajua mteremko gani unaruka, upi unavunja fremu, na wapi lazima usukume. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, na nikwambie ukweli, hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza ardhi kama mzee mmoja wa maziwa aliyenichorea migongo yote kwa kijiti chini.

Alinifundisha kanuni moja ambayo nawapa bure. Mito yetu yote inatoka mlimani na kushuka kama vidole vya mkono. Rupingazi, Thuci, Nithi, yote hivyo. Kati ya kila mto na mwenzake kuna mgongo. Ukifuata mgongo, unateleza raha mustarehe kutoka juu hadi chini. Ukikatiza migongo, kila baada ya kilomita chache unashuka mtoni na kupanda ukisukuma. Lami ya Embu hadi Meru inakatiza, ndio maana ina madaraja mengi na kona za kutisha. Vijia vya zamani vingi vinafuata. Ukielewa hilo huhitaji ramani ya mtu.

Nne, msitu una mlango. Msitu wa Mlima Kenya unasimamiwa na KFS, kule juu mbugani ni KWS, na tangu 2012 Rhino Ark wamekuwa wakishirikiana nao kujenga uzio wa umeme kuuzunguka. Hauwekwi kukunyima raha. Unawekwa ndio ndovu asile mahindi ya watu na watu wasimuue ndovu. Kwa hivyo ukiona mahali pa kupenya, usipenye. Nenda kituo cha msitu, iwe Irangi, iwe Njukiri pale karibu na mji wa Embu, iwe Imenti ya Juu, ulipe, useme unaenda wapi, na uchukue mtu wa hapo. Kona kali na ndovu upande wa pili si kontenti, ni matanga. Na kwa dada zetu, nasema bila kuzunguka: msiende peke yenu, na msikubali "mwelekezi" aliyejitokeza njiani tu. Mtu wa kituoni anajulikana jina na kwao.

Najua mnachotaka kuniambia. "Baiskeli ni ghali, hii ni michezo ya wazungu." Nusu ya hiyo ni kweli. Baiskeli mpya nzuri inapita bei ya ng'ombe. Lakini za mitumba ziko, fundi yuko, na kijia hakikuulizi fremu ni ya kampuni gani. Kuhusu wazungu, wacha niwape mfano. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Aliyemfundisha kupenda baiskeli ni David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, na walikuwa wakizunguka kwa baiskeli za mlima kwenye vijia vya migongo ya Kikuyu. Vijia vya kijijini, si uwanja. Froome alikuja kushinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017. Alishinda kwa bendera ya Uingereza, hiyo ni hadithi nyingine, lakini miguu ilianzia kwenye migongo. Yetu ni migongo ile ile, mlima ule ule wa kutazama. Tulichokosa ni mtu wa kutuonyesha.

Na hapa ndipo kuna doo, kwa wale mnaoniuliza nitakula baiskeli. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii vya misitu kukubaliana na KFS kuhusu matumizi ya msitu, na utalii na burudani vimo kwenye hayo matumizi. Yaani kikundi cha vijana wa Irangi au wa Meru mjini kinaweza kujiunga na chama chao, kikaomba vijia fulani viwekewe alama, kikapeleka wageni, kikalipwa. Upande wa kaskazini wa mlima tayari kuna mbio za baiskeli za 10to4 zinazoandaliwa na Mount Kenya Trust, na watu hulipa ili kuendesha huko, pesa zikasaidia uhifadhi. Mlima umekuwa urithi wa dunia tangu 1997, na Lewa na Ngare Ndare vikaongezwa 2013. Wageni watakuja, tupende tusipende. Swali ni kama watapata sisi ndio tunaowaonyesha, au watapata mtu wa Nairobi mwenye pikapu na tovuti, na sisi tukiuza maji ya chupa getini.

Hii ndiyo sababu nakasirika na "nimegundua." Ukisema umegundua, umesema hakukuwa na mtu. Na pasipo na mtu hakuna wa kulipwa, hakuna wa kuombwa ruhusa, hakuna wa kushukuriwa. Neno dogo hivyo linamfuta mama wa debe la maji.

Sasa jibu la kisiwani, maana niliahidi. Ukienda Unguja, usitafute mteremko, tafuta njia za magari ya ng'ombe na za mashambani. Jihadhari na mawe ya matumbawe, yanakata tairi kama wembe. Ukiweza, vuka Pemba, ukaendeshe kati ya mikarafuu. Kuna msitu wa Ngezi huko kaskazini, na taratibu zake uliza getini. Ufukweni endesha maji yakiwa yametoka, mchanga ukiwa mgumu, na uulize wavuvi saa ngapi yanarudi kwa sababu ratiba yao ni sahihi kuliko ya simu. Punguza upepo kwenye tairi. Jioni osha mnyororo kwa maji baridi na uupake mafuta, chumvi haina huruma. Ukiingia kijijini vaa shati, funika magoti, toa shikamoo kwa kila mtu mzima. Usipite kwenye makaburi wala uwanja wa msikiti ukitafuta picha. Ukitaka kuzunguka sana sehemu moja, mwone sheha. Kama uko Watamu au Malindi na hutaki kuvuka maji, Arabuko-Sokoke ina njia ndefu za mchanga msituni, ni tambarare lakini ina kivuli na ndege kibao.

Umeona? Ushauri ni ule ule. Shuka, salimia, uliza, fuata. Aliyejifunza kuwauliza watu wa Kianjokoma atawauliza watu wa Wete na wataelewana. Aliyezoea kupita kwa watu bila salamu Embu atapita hivyo hivyo Zanzibar, na huko pia kuna matawi ya miiba.

Neno la msimu kabla nisahau. Upande wetu wa mlima ndio unaonyeshewa zaidi. Machi hadi Mei acha baiskeli. Oktoba hadi mapema Disemba pia ni kubahatisha. Julai na Agosti kuna baridi na ukungu huko kwenye chai, lakini ukishuka Mbeere jua linakungoja. Januari na Februari ndiyo miezi ya kifalme, vumbi kidogo, mlima uko wazi asubuhi hadi saa tatu.

Kwa hivyo kabla utume deposi ya Disemba, chukua Jumamosi moja tu. Nenda kwa mtu mzima mmoja kwenu. Muulize alikuwa anapitia wapi kwenda shule. Kama bado ana nguvu, mwombe mtembee pamoja, kwa mguu, baiskeli uisukume. Mwache akusimulie ni nani aliishi wapi na mto ulihamia lini. Halafu siku nyingine rudi uiendeshe polepole.

Ukishafanya hivyo njoo hapa chini uniandikie. Usiweke pini ya ramani, sitaki. Andika tu nani alikuonyesha.